Zaitun: mji wa China wenye msikiti wa miaka elfu, na kumbukumbu iliyobaki jikoni



Wengi wetu tukisikia China tunawaza Guangzhou: kontena, mapazia, seti za vyombo, nguo za kupeleka kwa biharusi. Tunajua bei za jumla na siku za meli kuliko tunavyoijua nchi yenyewe. Leo tunaomba tuwapeleke kwenye mji mwingine wa China, mji wa kale ambao bado umesimama, na ambao mababu wa mababu zetu waliusikia kabla hatujaijua hiyo Guangzhou ya mizigo. Kwa Kichina unaitwa Quanzhou. Waarabu na Waajemi waliuita Zaitun.

Jina lililokuja na maua

Quanzhou upo katika jimbo la Fujian, kusini mashariki mwa China, ukingoni mwa bahari inayoitenga nchi hiyo na kisiwa cha Taiwan. Ukitoka mji wa Xiamen kwa treni ya kasi, safari haichukui saa nzima. Sehemu yake ya kale ina nyumba fupi za matofali mekundu na mapaa yaliyopinda pembeni, na vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe hatapata tabu kuvizoea. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo 22 ya mji huu na vitongoji vyake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jina la Zaitun halikutokana na mizaituni. Zamani kuta za mji zilizungukwa na miti yenye maua mekundu ambayo Wachina huiita citong. Mabaharia wa Kiarabu walilisikia neno hilo, wakalifananisha na lile walilokuwa nalo mdomoni, na mji ukawa Zaitun. Wataalamu wengi wa lugha wanasema kuwa hata neno satini, jina la kile kitambaa kinachong'aa tunachoshonea magauni ya harusi, limetokana na jina hilo, kwa kuwa hariri ya aina hiyo ilitoka katika bandari hii.

Udi, ubani na ambari

Katika karne ya 12 hadi ya 14, Zaitun ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Ibn Battuta, aliyefika huko miaka ya 1340, alisema aliona kiasi cha merikebu kubwa 100 bandarini, na vyombo vidogo visivyo na idadi. Msafiri huyu ndiye yule yule aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331. Kwa hiyo tukisoma habari zake za Zaitun, tunasikia maneno ya mtu aliyekwishaswali katika misikiti ya pwani yetu.

Na habari zetu zilifika kabla yake. Mwaka 1225, ofisa wa serikali aliyesimamia biashara ya baharini mjini hapo, Zhao Rukuo, aliandika kitabu kuhusu nchi za ng'ambo. Mwenyewe hakusafiri, aliwauliza wafanyabiashara waliotia nanga. Humo ameitaja nchi aliyoiita Cengba, ambayo wanahistoria wanaitambua kuwa ni pwani ya Zanj, huku kwetu. Aliandika kuwa watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga nguo za pamba za buluu, wanavaa viatu vya ngozi nyekundu, na nchi yao inatoa pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Tuwaze kidogo: karibu miaka 800 iliyopita, karani mmoja wa China amekaa na wino wake anaandika mavazi ya watu wa pwani yetu.

Mwaka 1974 wataalamu walichimbua jahazi la karne ya 13 lililozama kwenye tope la ghuba ya mji huo. Mbao zake zilizobaki zina urefu wa mita 24 hivi, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13, ili kimoja kikiingia maji vingine visalimike. Leo limewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya eneo la hekalu la Kaiyuan, palipo na minara miwili ya mawe ya karne ya 13. Na lilibeba nini? Zaidi ya kitu chochote, magogo na vipande vya miti ya kunukia: udi na sandali. Humo pia mlikuwa na ubani, ambari, pilipili manga, kauri na magamba ya kasa. Biharusi yeyote wa visiwani akisomewa orodha hiyo atadhani anasomewa vitu vya kumfukizia nguo na chumba.

Msikiti usio na paa

Katika barabara ya Tumen, katikati ya mji, umesimama msikiti ambao Wachina wanauita Qingjing, yaani usafi na utulivu. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa ukutani yanauita Msikiti wa As-hab, na yanasema ulijengwa mwaka 400 Hijria, sawa na 1009 hadi 1010 Miladia. Yanasema pia kuwa ulitengenezwa upya mwaka 710 Hijria na Ahmad bin Muhammad, mtu wa asili ya Shiraz. Shiraz hiyo hiyo ambayo watu wengi wa pwani yetu wanaitaja wanapoeleza nasaba zao.

Mlango wake ni mrefu, wa mawe, wenye matao yaliyochongoka juu, tao ndani ya tao. Ukiingia upande wa kushoto unakuta ukumbi wa kuswalia ambao paa lake lilianguka zamani. Kuta za mawe zimebaki, madirisha yamebaki, mihrabu imebaki, na aya za Qur'ani zilizochongwa kwenye mawe bado zinasomeka. Juu ni mbingu tupu. Mihrabu inaelekea magharibi, maana kwao Makka iko huko. Sisi wa Unguja na Pemba tuliozoea kuelekea kaskazini, inatubidi tusite kidogo kabla ya kutandika mswala.

Ndani ya uwanja kuna jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407, inayokataza watu wasiwasumbue Waislamu. Na hatua chache tu kutoka hapo kuna hekalu la Wachina lenye moshi wa ubani na watu wengi kutwa nzima. Majirani hao wamekaa barabara moja kwa karne nyingi.

Dada anayepanga kuzuru avae kama anavyokwenda msikiti wowote, na achukue mtandio mkubwa. Kwa chakula, atafute maandishi ya Kichina yanayosomwa qingzhen, maana yake safi na kweli. Hilo ndilo neno linalotumika China nzima kuonesha chakula cha halali.

Biharusi aliyeondokea Zaitun

Wapo mabiharusi waliosafiri mbali, lakini wachache wamesafiri kama Kököchin. Alikuwa binti wa Kimongoli. Mfalme Arghun wa Uajemi alifiwa na mkewe, naye marehemu aliusia kuwa nafasi yake ishikwe na mwanamke wa ukoo wake tu. Wajumbe wakaenda mpaka China kwa Kublai Khan, na Kököchin akachaguliwa. Njia ya nchi kavu ilikuwa na vita, basi karibu mwaka 1292 akapandishwa merikebu hapa Zaitun. Marco Polo, aliyekuwamo katika msafara huo, anasimulia kuwa vyombo vilikuwa 14 na abiria 600 ukiacha mabaharia, na kwamba waliofika hai walikuwa wachache mno.

Kököchin alifika. Lakini mume aliyechumbiwa alikuwa ameshakufa. Akaolewa na mwana wa mfalme yule, Ghazan, ambaye mwaka 1295 alisilimu na kutawala Uajemi akiwa Muislamu. Historia imeandika majina ya wafalme wote waliohusika na safari ile. Maneno ya biharusi mwenyewe, alilia au alicheka, aliogopa bahari au hakuogopa, hakuna aliyeyaandika.

Maua ya Xunpu

Pembezoni mwa mji kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Xunpu. Wanawake wake wanafunga nywele kishungi nyuma, kisha wanakizungushia makoja ya maua mabichi, duara juu ya duara. Bibi wa miaka 70 anayeuza chaza sokoni anavaa maua yale yale anayovaa binti siku ya furaha yake. Mwaka 2008 serikali ya China iliziingiza mila za wanawake hawa katika orodha ya urithi wa taifa, na siku hizi wageni humiminika kijijini kuvishwa maua na kupiga picha.

Wenyeji husimulia kuwa maua hayo, asumini ikiwemo, asili yake ni bustani za ukoo wa Pu Shougeng, tajiri Muislamu aliyesimamia biashara ya bandari katika karne ya 13. Nyumba zao za zamani zimejengwa kwa magamba makubwa ya chaza yaliyopangwa ukutani, na husemwa kuwa magamba hayo yalirudi na merikebu kutoka mbali, yakiwa uzito wa kuzituliza baharini. Hizo ni hadithi za kijiji, nasi tunazipokea kama hadithi. Lakini mwanamke wa Kizanzibari aliyevaa kikuba kifuani na asumini nyweleni, ambaye mama yake alikwenda pwani maji yakipwa kutafuta chaza, atasimama Xunpu na kujiona hayuko ugenini sana.

Waliolala kwenye mlima wa Lingshan

Mashariki ya mji kuna kilima kinachoitwa Lingshan. Hapo pana makaburi mawili ya mawe yanayoheshimiwa sana. Mapokeo ya Waislamu wa hapo yanasema ni ya masahaba waliofika China wakati wa Mtume wetu (SAW). Zheng He, amiri wa merikebu za China aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, alifika hapo mwaka 1417 kabla ya kuanza safari, na jiwe la kumbukumbu ya ziara yake bado lipo. Katika safari hiyo merikebu zake zilifika mpaka Mogadishu, Barawa na Malindi.

Mawe mengi zaidi ya makaburi yamekusanywa katika jumba la makumbusho ya bahari. Yamechongwa kwa Kiarabu, na mengine yana Kiajemi au Kichina. Waliozikwa walitoka Uarabuni, Uajemi, Asia ya Kati na kwengineko, wanaume kwa wanawake. Mawe kadhaa yanataja daraja ya mtu anayefia ugenini. Ukiyasoma unaelewa kuwa watu hawa hawakuwa wapita njia. Waliishi na kadhi wao, shekhe wao na soko lao. Walioa, walizaa, walizika.

Basi wako wapi wajukuu wao?

Kilichotokea

Mwaka 1357 askari wa Kiajemi waliokuwa katika jeshi la mji waliasi. Vita vya miaka karibu 10 vikafuata, na vilipokwisha mwaka 1366, Waislamu na wageni wengi waliuliwa. Waliosalimika wengine walikimbilia vijijini. Utawala mpya wa Ming ukaja mwaka 1368, biashara ya bahari ikabanwa, na sheria ikawataka Wamongoli na watu waliotoka nchi za magharibi waoane na Wachina badala ya kuoana wenyewe kwa wenyewe.

Miongoni mwa waliohamia mashamba ni ukoo wa Ding, uliotulia Chendai, kusini ya mji. Katika karne ya 16, msomi mmoja wa ukoo huo, Ding Yanxia, aliandika makala fupi kuhusu dini ya wazee wake. Ni makala ya kuhuzunisha. Anaeleza kuwa utotoni mwake jamaa zake walielekea magharibi katika ibada, walifunga mwezi mmoja kila mwaka, walichinja wenyewe walichokula, na walizika maiti bila ya jeneza. Walisoma maneno waliyorithi kwa sauti waliyorithi, lakini hawakujua maana yake na wala hawakuitafuta. Kisha anaeleza jinsi mambo yalivyobadilika moja baada ya jingine mbele ya macho yake, mazishi, machinjo, saumu, mpaka mengi yakawa ni ya "zamani ilikuwa hivi".

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Hakuna aliyewavunjia msikiti Chendai ili waache dini. Hapakuwa na siku moja ambayo waliamka na kusema kuanzia leo basi. Kilianza kupotea kitu kisichoonekana, yaani maana, na vinavyoonekana vikafuata nyuma.

Na kitu gani kilibaki? Nyumba ya ukoo wa Ding, waliyoijenga kuwakumbuka wazee wao, ukiitazama kutoka juu ina umbo la herufi ya hui, jina ambalo Wachina wanawaitia Waislamu. Na jambo la pili lilibaki jikoni. Wengi wa ukoo huo leo si Waislamu na wanakula wanachokula majirani zao, lakini wanapowaandalia mababu chakula cha kumbukumbu, nyama ya nguruwe haiwekwi. Ilikuwa mwiko kwa wazee, basi haiwekwi. Mwaka 1979 serikali iliwatambua rasmi kuwa ni Wahui. Eneo lao siku hizi linajulikana kwa viwanda vya viatu, na wapo waliorudi kujifunza dini.

Kwa zaidi ya miaka 600, utawala ukiondoka na mwengine ukija, kumbukumbu ya Uislamu ilikaa katika sahani. Sisi tunaosimama jikoni kila siku tunajua nani huamua kinachoingia chunguni na kisichoingia. Hakuna jiwe lililoandika majina ya wanawake hao, na huenda wengi wao hawakuweza kueleza kwa nini. Walishika walichokabidhiwa na mama wakwe zao. Lakini hawakukabidhiwa zaidi ya hicho, na mtu hawezi kupitisha asichopewa. Kwa hiyo tusiwalaumu mabiharusi wa Kichina walioingia katika nyumba zile. Tuulize ni nani alikaa nao chini akawafundisha.

Kwa sababu kwengine huko huko China walifundishwa. Katika jimbo la Henan, mbali kaskazini, Waislamu waliwafungulia wanawake madrasa, na madrasa hizo zikakua zikawa misikiti ya wanawake, yenye walimu wanawake wanaowasomesha wenzao. Mmoja maarufu uko mji wa Kaifeng na asili yake ni ya mwaka 1820. Nao walizungukwa na Wachina wengi, nao walizungumza Kichina, nao walipitia vita na njaa. Hatusemi sababu ni moja tu, historia ya watu haina sababu moja. Ila huko hadi leo bibi anamsomesha mjukuu Fatiha na kumweleza inasema nini.

Neno kwa biharusi wetu

Dada yetu unayejitayarisha, sanduku lako tunalijua. Udi umo, ubani umo, kanga doti kadhaa, sahani na vikombe ambavyo pengine vimetoka China hiyo hiyo. Huenda unaolewa hapo mtaa wa pili, na huenda unakwenda Muscat, London au Toronto, ambako watoto wako watazungumza lugha nyengine kuliko yako. Usiogope. Waliotutangulia walivuka bahari kwa merikebu za mbao.

Lakini katika miezi hii ya maandalizi, pamoja na singo na hina, chukua sura fupi unazosoma kila siku katika sala, uzijue maana yake moja moja, mpaka uweze kumweleza mtoto wa miaka mitano kwa maneno yako mwenyewe. Mwambie na mchumba wako afanye hivyo hivyo, maana nyumba ina watu wawili. Na siku ukimkataza mwanao kitu mezani, usiishie kumwambia kuwa kwetu hatuli. Mwambie kwa nini.

Na Mwenyezi Mungu akikujaalia safari ya Quanzhou, simama katika ule ukumbi usio na paa, elekea magharibi, uwaombee waliolala Lingshan na wajukuu zao wa Chendai. Sote ni jamaa wa bahari moja.

Wabillahi tawfiq.